Bega Walilojifunzia

Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao mama aliupiga kikofi kila nilipoupeleka kwenye chakula utotoni. Herufi zangu zimelala upande, na ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima. Lakini nimeona niandike, kwa kuwa mwezi uliopita kijana mmoja kutoka upande wa Vanga aliletwa kwetu Gazi akiwa amebebwa mgongoni na nduguye, miguu imelegea baada ya homa. Aliniuliza, "Mwalimu, huko hospitali hufanywaje?" Nikampa maneno ya kumtia moyo, akashukuru, akabebwa tena akaenda zake. Maneno ya kumtia moyo hayatamsaidia. Yatakayomsaidia, ikiwa yapo, ni haya.

Nilishikwa mwisho wa masika, katika mwaka ambao bendera yetu mpya ilikuwa bado haijapauka kwenye mlingoti wa shule. Nilikuwa nikisomesha watoto karibu na Kombani. Nilikuwa na mke tuliyeoana mwaka uliotangulia, na nilikuwa na riwaya iliyofika nusu. Tulikuwa kundi la vijana tuliokutana Mombasa kila mwisho wa mwezi kusomeana kazi zetu, na tuliamini kwa dhati kabisa kwamba nchi hii haiwezi kusimama bila riwaya zetu. Yangu ilikuwa juu ya mtu anayerudi nyumbani baada ya uhuru akakuta hakuna anayemkumbuka. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kusahauliwa akiwa hajaenda popote.

Homa yenyewe haikukaa. Ilipoondoka nikataka kuinuka nisali, na miguu haikunisikia. Niliiita kwa moyo wangu wote, ikalala pale kama ya mtu mwingine aliyepanda kitandani kwangu. Mkono wa kulia nao ulikuwa mzito, hauinuki, lakini vidole vilicheza. Nikamwambia mke wangu, "Mwanaisha, tazama, vidole vipo." Aliketi chini akalia. Mimi sikulia. Miguu niliisamehe palepale, maana niliona mwandishi anaweza kuishi bila miguu. Nilichomwomba Mungu ni mkono ule tu.

Basi kila utakachosoma hapa, kisome ukijua hivyo: nilikuwa nikingoja mkono.

Hospitalini nililazwa katika wodi ya wanaume, yenye sakafu nyekundu ya saruji na harufu ya sufu iliyochemshwa. Vipande vya blanketi vilitolewa majini vikifuka moshi, vikakamuliwa, vikafungwa mapajani ili misuli ilegee. Baada ya hapo tulibebwa hadi kwenye benchi la nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, tukangoja. Mtu akitaka kujua ugonjwa ni nini, na akalikalie benchi kama lile. Pale hakuna mwalimu wala mkulima wala tajiri wa minazi. Kuna kiungo kinachongoja kuitwa. Mwenzangu mmoja wa Ukunda, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, alikuwa akisema, "Leo nimekuja kama goti. Kesho nitakuja kama nyonga, inshallah." Tulicheka sana siku za mwanzo. Baadaye akawa anaisema na hakuna anayecheka, na yeye haachi.

Mwili ulikuwa ukiondoka mbele ya macho yangu. Mapaja yalikonda hata mama aliyazungushia viganja vyake viwili vikakutana, akavitoa haraka kama aliyegusa moto, akaanza kunieleza habari za mbuzi.

Chumba kile kilikuwa cha Miss Pringle. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye mikono mikubwa myekundu, na mikono hiyo ilijua kazi yake. Nitamshuhudilia hivyo popote. Alikuwa na wanafunzi wawili waliotumwa na chuo chao waje wajifunze kwa wagonjwa wenyewe. Otieno alitoka Kisumu, mcheshi, mabega kama ya mchukuzi wa bandarini. Mbodze alitoka bara yetu ya Kinango, binti Mduruma, kimya, mwembamba, aliyetembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu. Otieno alipewa mimi.

Miss Pringle alifundisha kwa kusimama nyuma ya mwanafunzi. Hakushika mgonjwa tena baada ya siku ya kwanza. Alimtazama mwanafunzi akishika. Akikosea, alipiga ukucha kwenye chuma cha kitanda, ting, na mwanafunzi akaanza upya, na mgonjwa naye akaanza upya. Mwanafunzi mmoja akiwa kazini, mwenzake hakuruhusiwa kufungua kinywa. Na kila asubuhi kulikuwa na swali moja la kumwuliza mgonjwa kabla ya kumgusa, na jibu lilitangazwa kwa sauti.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu?" Otieno aliuliza. "Uko sawa? Hakuna uchungu?"

"Njema," nilijibu. "Alhamdulillahi."

"Mgonjwa hana maumivu, Miss!"

"Vizuri. Endelea."

Akaendelea. Aliushika mkono wangu wa kulia kwenye kiwiko na kwenye kifundo, akaupandisha juu hadi sikioni, akaushusha, akaupandisha. Kitu ndani ya bega kilisogea mahali ambapo hakikustahili kusogea. Nilitazama dari. Nilidhani ndiyo dawa. Dawa zote nilizozijua zilikuwa chungu.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwetu ukiulizwa habari unasema njema. Umefiwa, njema. Paa limeezuliwa na upepo, njema. Neno hilo ni la kumkaribisha mtu aketi. Akishaketi mtaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya shamba na ya mvua, na mazungumzo yakishapoa ndipo mtu huinamisha kichwa akasema, "Ila..." Habari yenyewe huanza hapo. Kumtwika shida zako mtu aliyesimama, tena mgeni, tena mwenye haraka, ni kukosa adabu, na mimi nimelelewa na mama ambaye angependa nife kuliko nikose adabu.

Otieno alikuwa amesimama kila asubuhi.

Siku moja nilijikaza nikasema, "Inauma kidogo." Mtu wa Gazi akikuambia kidogo, unatafuta watu wa kumbeba. Otieno akatangaza, "Kidogo tu, Miss!" Miss Pringle akanitabasamia kwa mara ya kwanza, akasema kidogo ni dalili njema, aongeze.

Mbodze alikuwa upande wa pili wa kitanda. Nilimwona akifumbua kinywa. "Miss," alisema, "huku kwetu mtu akisema kidogo..."

Ting.

"Nakufundisha viungo, binti. Mila utajifunza kwa bibi yako."

Akapelekwa kuchemsha blanketi, akakaa huko mpaka mikono yake ikababuka. Tangu hapo hakusema neno tena mbele ya Miss. Lakini kila alipopita kitandani kwangu alichukua kipande cha blanketi kikavu, akakikunja, akakisukuma chini ya kiwiko changu cha kulia, na maumivu yakapoa. Mzunguko wa jioni ulipofika kilitolewa, maana wagonjwa hawakutakiwa kudekezwa. Kesho yake alikirudisha. Katika miezi ile yote sikupata rehema kubwa kuliko kile kipande cha blanketi.

Miss Pringle akienda kunywa chai, wanafunzi waliongea juu yetu kama watu wanaoongea juu ya ukuta.

"Huyu mama ni moto," Otieno alisema akijinyoosha. "Lakini anafundisha, dada. Mimi nilikuja hapa nashika mguu kama mtu anashika kuku. Sasa ona."

"Mikono yako imefunzwa kweli," Mbodze alisema. "Masikio umeyaacha Kisumu."

"Masikio ya nini? Nimekuja kusikiliza taarab?"

"Siku ukiumwa wewe, nitakuuliza nikiwa nakimbia."

"Mimi nikiumwa nitapiga kelele mpaka Nairobi wasikie. Sisi hatufichi."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Ewe mgonjwa mwenzangu, jua kwamba utasikia mengi ukifumba macho.

Kusi ilivuma. Miguu ilianza kurudi. Lazima niseme hivyo. Kidole gumba kilitikisika, kisha kifundo cha mguu, na Otieno aliruka juu akapiga makofi, na Miss Pringle akageukia dirishani, nadhani ili tusimwone. Mama alichinja jogoo. Wodi nzima ilinipongeza. Wakati huohuo kalamu ya risasi niliyoiweka chini ya mto ilianza kuniponyoka. Mwanzo niliweza kuandika jina langu kwenye ubao mdogo nikiuegemeza kwenye goti la mama. Kisha nusu ya jina. Kisha vidole vikawa kama vya mtu aliyelalia mkono akaamka, na ganzi ile haikwisha. Sikumwambia mtu. Nani angetaka kusikia habari za vidole wakati miguu inafufuka?

Mwanaisha alikuja siku hizo akanikata kucha. Alianza na mkono wa kushoto. Alipofika kwenye wa kulia aliushika muda mrefu, akaugeuza, akaulaza taratibu juu ya shuka.

"Baba anasema nikapumzike kidogo Majoreni," alisema.

"Kapumzike. Wewe ndiwe uliyechoka."

"Nyumbani mama yako atakuangalia."

"Njema, Mwanaisha. Nenda salama."

Aliketi pale. Nafikiri sasa kwamba alikuwa akingoja ila yangu, na mimi nilikuwa nikingoja yake. Kisha akajitanda kanga yake akaondoka. Kidogo ile ya Majoreni bado haijaisha.

Mwanzo wa vuli Miss Pringle alikwenda kwao kwa likizo, na nafasi yake ikashikwa na Bwana Fernandes, Mgoa wa Mombasa, mnene, mwenye kikohozi cha sigara na Kiswahili cha mjini kilichonyooka. Huyo hakusimama. Aliketi kitandani kwa mgonjwa mpaka kitanda kikalalamika. Mtu wa Ukunda alimsimulia mnazi mzima alioanguka kutoka juu yake, kuti kwa kuti. Mimi aliniuliza habari za mikoko ya Gazi, nani hukata boriti siku hizi, na kama ni kweli kwamba mama yangu hupika samaki wa nazi bila ukwaju.

Wanafunzi walikasirika.

"Wiki inaisha na huyu mzee hajatufundisha hata kiungo kimoja!" Otieno alimlalamikia Mbodze wakikunja mashuka. "Nitamwambia nini mkuu wa chuo? Nimejifunza kupika samaki?"

"Ungejifunza hata hilo ungepata mke."

"Sicheki, Mbodze. Miss angekuwa hapa Mwalimu angekuwa ameshasimama. Huyu hafundishi. Anapiga soga."

Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati asubuhi aliyoniuliza juu ya mkono. Alianza mbali, kama kawaida. Nikajibu njema. Akauliza mama, nikajibu hajambo. Akauliza mvua kwetu, nikajibu yaridhisha. Kisha akauliza, "Na kitabu chako?"

"Kinangoja mkono."

"Na mkono?"

"Haujambo," nilisema. Hakuinuka. Alitazama matone yakishuka dirishani kana kwamba amekuja wodini kutazama matone. Otieno alikuwa nyuma yake, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Mvua ikapungua. "Ila..." nilisema. Nililia mbele ya wanaume wote wa wodi ile, kilio cha miezi yote.

Bwana Fernandes alinifungua shati. Aliweka kidole gumba juu ya bega, na kidole kikazama. Palikuwa na shimo pale ambapo mtu ana mfupa. Mkono ulikuwa umeshuka kutoka kwenye bega, unaning'inia kwa ngozi na mishipa. Misuli ya kuushikilia ilikuwa imekufa kwa homa, na kila asubuhi ulivutwa juu, ukavutwa, ukavutwa.

"Njooni," aliwaambia. "Wekeni kidole hapa."

Mbodze aliweka. Otieno aliweka, na niliona uso wake ukifungwa kama duka.

"Nani aliyeweka blanketi hili chini ya kiwiko?" Bwana Fernandes aliuliza.

"Mimi," Mbodze alisema. "Nilimwona tu amelala vibaya."

Bwana Fernandes hakumsifu wala hakumkemea mtu. Alinifunga mkono kwenye kitambaa shingoni, akasema tutajaribu. Tulijaribu vuli yote. Kaskazi ilipoingia na joto lake, vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja kama majani ya kifauwongo yaliyoguswa, wala havikufunguka tena. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu. Mguu mmoja ulikuwa na chuma, na chini ya kwapa la kushoto lilikuwapo gongo. Kila aliyepita alisema Mungu mkubwa. Lakini nikisimama, mkono wangu mmoja umeshika gongo, kwa hiyo sina mkono. Nikitaka kuwa na mkono, lazima niketi.

Wakati wa wanafunzi ulikwisha kabla ya Ramadhani. Mkuu wa chuo chao aliwataka waseme, wakirudi, ni nani kati ya Miss Pringle na Bwana Fernandes aliyewafundisha vizuri. Walikuja kuniaga wakiwa bado wanabishana, lakini bila utani wao wa zamani.

"Mimi nitasema Miss," Otieno alisema. "Nisidanganye. Kila nilichonacho mikononi ni chake. Mwalimu anatembea kwa sababu yake." Alitazama chini. "Hilo la mkono pia ni langu na lake. Najua. Lakini nitasema Miss."

"Na wewe, Mbodze?" nilimwuliza.

Alikuwa akikunja kipande cha blanketi. "Mimi nilijua njema ni nini, kaka. Nimezaliwa nayo. Miss alinifundisha kunyamaza, na sijalishika somo lingine lolote vizuri kama hilo. Sitasema jina la mtu. Wanaweza kuniangusha wakitaka."

Otieno akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiwe kitabu tulichosomea. Sema wewe. Nani alitufundisha vizuri?"

"Wote wema," nilisema. "Alhamdulillahi."

Otieno alitazama mlangoni, ambako gari lao lilikuwa likingoja na dereva anapiga honi. Kisha akavuta kigoda, akaketi. Hakuuliza kitu. Alitazama dirishani, ingawa siku ile hapakuwa na mvua ya kutazama. Honi ikalia tena, naye hakuinuka.

"Ila," nilisema, "kila asubuhi ulipouinua niliusikia ukitoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema kidogo."

Aliuchukua mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili mikubwa, iliyofunzwa. Aliushika vizuri sana, kiwiko na kifundo, bega likiwa limeegemezwa, kama mtu anayeshika yai. Hata Miss Pringle asingegonga ukucha. Sikusikia maumivu yoyote. Sikusikia chochote. Akaulaza juu ya blanketi la Mbodze, wakatoka.

Sina ushahidi wa kukupa kwamba mambo hunyooka mwisho. Riwaya yangu imebaki nusu. Mtu yule bado amesimama kwenye barabara ya kwao, hajatambuliwa. Marafiki wa Mombasa walikuja mara moja, wakasoma kwa sauti, wakaniangalia kalamu ikiteleza katika mkono wa kushoto, hawakuja tena. Kulipokuwa na arusi ya binamu yangu niliketi na wanaume kwenye sinia, kama zamani. Wali ulipoletwa mikono yote ya kulia ikaingia, na wangu wa kushoto ukabaki magotini. Nani angekula sinia moja na mkono huo? Mtu mwema, kwa upole mwingi, akaniletea sahani yangu peke yangu na kijiko, akaiweka pembeni. Nilikula nikiutazama ukuta. Tangu hapo arusi nazisikia kwa mbali, ngoma tu.

Lakini nimekuahidi wewe wa Vanga jambo litakalokusaidia, na ni hili. Watakuja kwako vijana wanaojifunza. Watakuwa wema na watakuwa na haraka, maana aliyewafundisha yuko nyuma yao. Watakuuliza wamesimama. Adabu yako iache mlangoni pamoja na viatu. Usiseme njema. Sema ila kwanza. Na wakikushika, piga kelele kama mtu wa Kisumu, mpaka Nairobi wasikie.

Mimi nimechelewa kulijua. Kila asubuhi mama huja na chai, huiweka upande wa kushoto, hufungua dirisha la upande wa mikoko. Huniuliza akiwa amesimama, kuku wanamngoja uani.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Njema, mama," namjibu. "Shikamoo."

"Marahaba," husema, na hutoka.